Dalali Aliyeanza na Ada Yake

Dalali wetu aliandika ada yake juu kabisa ya karatasi, kabla ya jina la mwenye nyumba na kabla ya bei. Madalali wengine niliokuja kuwaona baadaye Kitale huificha chini, karibu na mahali pa kutia sahihi, kwa maandishi madogo yaliyobanana. Yeye aliipiga taipu kwa herufi kubwa: shilingi tano kwa kila mia. Chini yake vilifuata vifungu vya kueleza ni lini utazilipa, hata pale unapodhani huna sababu ya kulipa. Kwa ajili hiyo watu walimwona mlafi. Lodwar ya miaka ile, mtu akitaja pesa zake kwanza alihesabiwa mlafi, na akizitaja mwisho alisemwa ana adabu.

Nilimjua kwa miaka mingi na sikuwahi kumpenda sana. Nasema hivyo mapema ili nisije nikaonekana natia chumvi. Alikuwa mtu mgumu, mwenye sauti ya mtu anayesoma hukumu, na inasemekana aliwahi kuwa karani wa mahakama kabla ya kuja kaskazini. Jina lake lilikuwepo kwenye karatasi zake, lakini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Dalali, na watoto wakamwita Mzee Dalali, naye aliitika yote mawili kwa namna moja.

Kazi yake ilikuwa nyumba na viwanja. Miaka ya sabini nyumba za kudumu Lodwar hazikuwa nyingi, na waliouza walikuwa watu wa kuja: mwenye duka aliyechoshwa na joto, mwenye hoteli aliyefilisika, mtu aliyeitwa na nduguze arudi kwao. Mturkana hakuwa muuzaji wa nyumba. Yeye alihama nayo. Dalali alikaa kwenye kibaraza cha duka moja la nguo, taipu yake juu ya sanduku la sabuni, na kutoka hapo alifika Kakuma, Lokori na Kalokol kwa lori lolote lililokubali kumbeba.

Alivaa koti zito la kijivu mwaka mzima, hata saa zile ambazo mbuzi wanajibanza chini ya malori wapate kivuli. Nilimuuliza siku moja kama haoni joto.

"Naliona, Mama Rosa," alisema. "Lakini mikataba nitaiweka wapi? Shati lina mfuko mmoja."

Mtu akija kuuza, Dalali hakumwuliza bei. Alimpa karatasi aisome, au alimsomea kama hakujua kusoma, polepole, kifungu kwa kifungu. Kisha ikaja ile kauli yake ambayo mji mzima uliiga kwa mzaha: "Usiniambie umeelewa. Niambie umeelewa nini." Watoto wa shule waliambiana hivyo wakicheza, na hata sisi wauguzi tulikuwa tukiambiana hivyo tukipokezana zamu.

Nilimsikia akibishana na mwenye hoteli mmoja, mtu mnene wa Kitale aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

"Nimeelewa, Mzee, lete kalamu."

"Umeelewa nini?"

"Wewe unauza, mimi nakulipa."

"Unanilipa lini?"

"Ukishauza, si ndiyo?"

"Hapana. Rudi kifungu cha pili."

Kifungu cha pili kilisema kwamba ada inadaiwa siku Dalali anapoleta mtu aliye tayari kutoa bei iliyoandikwa. Kuuza au kutouza baada ya hapo ni shauri la mwenye nyumba, ila ada imeshaiva. Yule bwana alikisoma mpaka mwisho na jasho likamtoka.

"Yaani nikibadilisha nia nakulipa bure?"

"Unanilipa kwa kazi. Mtu nimeshamleta."

"Huu ni wizi mtupu!"

"Ungekuwa wizi kama usingejua," Dalali alisema. "Sasa unajua. Nenda ukaufikirie huo mkataba, urudi kesho."

Kesho yake yule bwana alirudi akatia sahihi, kwa kuwa dalali mwingine hakuwepo. Alipouza alilipa bila neno, lakini alipopanda lori kuondoka hakumuaga.

Vifungu vyenyewe havikutoka kwenye kitabu cha sheria. Kila kimoja kilikuwa na mtu nyuma yake, na Dalali alikuwa tayari kukusimulia ukimpa nafasi. Cha miezi sita kilitokana na mwenye duka mmoja wa Lokori. Huyo aliletewa mnunuzi, akajifanya hamtaki, akasubiri muda wa mkataba uishe, kisha akamuuzia mtu yuleyule pembeni na kuila ada. Tangu hapo karatasi ikasema kwamba mtu aliyeletwa na Dalali akinunua ndani ya miezi sita baada ya mkataba kuisha, ada iko palepale. Alipokuwa akikisoma kifungu hicho alikunja uso, kama mtu aliyemwona yule mwenye duka mbele yake.

Cha nne kilieleza maana ya kumleta mnunuzi, na hicho kilizaliwa Kalokol. Dalali alikwenda kuuza ghala la samaki, na mnunuzi alipotelemka kwenye lori, watu walimfuata mpaka mlangoni, kama kawaida ya kule. Bei ilipokubaliwa hawakuondoka. Walikaa chini kwenye mchanga wakangoja. Kwa wafugaji, ng'ombe akiuzwa, aliyekuwepo haondoki mikono mitupu, angalau apate tumbaku ya kutafuna. Dalali aliwagawia tumbaku wote. Mzee mmoja aliipokea, akaiweka nyuma ya sikio, na akabaki amekaa.

"Mimi ndio naleta huyu," alisema. "Ndani ya lori mimi naambia yeye: iko nyumba ya samaki, inauza. Wewe hapana. Mimi."

Mnunuzi alipoulizwa alikubali kwamba ni kweli, habari za ghala alizipata kwa yule mzee. Dalali alifikiri, kisha akaigawa ada yake na kumpa mzee sehemu, akarudi Lodwar na kuandika kifungu kirefu: aliyemleta mnunuzi ni yule aliyemfikisha mlangoni na kumtajia bei. Ukimuuliza kwa nini alilipa wakati karatasi haikumbana, alisema karatasi haikumkataza pia. Alilisema jambo hilo kwa uchungu, kama mtu anayekumbuka ng'ombe aliyekufa.

Kilichokuja kunihusu mimi ni cha mwisho, na kilitoka Kakuma. Askari mmoja mstaafu, Mturkana, alikubali kuuza boma lake karibu na maduka, na mfanyabiashara alilitaka liwe stoo. Lilikuwa na nyumba kubwa ya fito na makuti ya mkoma, imara, yenye fremu ya mlango wa mbao. Mkataba wa siku hizo ulisema ada italipwa siku mnunuzi atakapoingia ndani ya nyumba. Siku ya kuingia, Dalali na mnunuzi walifika wakakuta mafiga na duara la majivu. Mke wa askari alikuwa ameibomoa nyumba asubuhi, akaipakia juu ya punda, fito na makuti na fremu ya mlango, na msafara ulikuwa umeshika njia ya Lopur.

Waliufuata msafara mbio, wakamkuta mke wa askari. Yule mama hakufoka wala hakujificha. Aliwashangaa.

"Ejok," aliwasalimu kwanza, kisha akasikiliza malalamiko yote. "Bwana yangu nauza mahali. Sawa, chukua mahali. Nyumba mimi ndio najenga, si yeye. Naacha nyumba, nalala wapi?"

Mume alisimama kando akitazama punda, na Dalali alikuwa na hakika kwamba hata yeye hakuona kosa liko wapi. Kwao mwanamke ndiye mjenzi, na kuhama ni kuhama na nyumba. Ada ikapotea, kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya kuingia. Ndipo Dalali akaandika kwamba mkataba hautakuwa mkataba mpaka na yule anayepika ndani ya nyumba hiyo atie alama yake, baada ya kueleza kwa kinywa chake alichokielewa. Hakukiandika kwa kuwapenda wanawake. Alikiandika kwa kuipenda ada, na alisema hivyo wazi kwa yeyote aliyetaka kumpa sifa.

Sasa, mtu huyuhuyu aliyekuwa mkweli namna hiyo kwa muuzaji, kwa mnunuzi alikuwa mwongo wa kutupwa. Nyumba iliyookwa na jua kutwa aliisema ina upepo wa ziwani, na ziwa liko mwendo wa nusu siku kwa lori. Chumba chenye ufa alikisema kimeshatulia. Alfajiri ya siku ya kuonyesha nyumba, alikwenda mwenyewe kuufagia uwanja kwa kuti, akiinama na koti lake, kwa sababu mnunuzi mgeni hutazama chini kwanza kwa kuogopa miiba. Nilipomuuliza inakuwaje aseme kweli huku na uongo kule, alinitazama kama mtoto.

"Huku nimeweka sahihi," alisema. "Kule nimefungua mdomo tu."

Chai ya mwenye nyumba hakunywa kamwe. Ungeweza kumpikia ya maziwa na iliki, angeisukuma pembeni kwa kidole. Alisema mtu akishakunywesha chai, siku ya kulipa anaikata chai hiyo kwenye ada. Wala yeye hakuwa na nyumba. Alilala nyuma ya duka la nguo, kati ya marobota, na alisema kwamba akinunua nyumba ataanza kuipenda, na mtu anayeipenda nyumba hawezi kutaja bei. Nilicheka aliposema hivyo. Wakati huo bado nilikuwa nacheka.

Mume wangu alikuwa fundi wa ujenzi. Nyumba yetu aliijenga jioni na Jumapili, tofali moja moja, kwa muda mrefu mpaka majirani wakaacha kuuliza itaisha lini. Ilikuwa na vyumba vitatu na bati zima, na jiko la nje ambalo nililichagulia mahali mwenyewe. Hatukukaa ndani yake sana. Mume wangu alikuwa juu ya lori lililojaribu kuvuka lugga, mto mkavu wa mchanga, siku mvua iliponyesha milimani, maji yakalichukua. Waliomwona walisema hayakuwa maji mengi.

Sikulia. Watu walinisifu kwa uvumilivu, lakini haukuwa uvumilivu, maana ndani yangu hapakuwa na kitu cha kuvumiliwa. Nilirudi wodini, nikachemsha sindano, nikafunga vidonda, nikarudi nyumbani nikawapikia wanangu wawili. Chakula hakikuwa na ladha, wala sikuitafuta. Rosa aliniuliza mbona nakaa nje juani, ndipo nikagundua kwamba nimekaa juani. Dalali alikuja matangani, akaketi na koti lake, akaondoka bila neno. Watu walinong'ona kwamba alikuwa anapima vyumba kwa macho. Huenda alipima.

Baada ya wiki kadhaa shemeji yangu alifika kutoka nyumbani, mdogo wa marehemu, karani wa shirika la mahindi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na uamuzi wa ukoo: nyumba iuzwe, mimi niache kazi, nirudi na watoto tukae kwa mama mkwe, na pesa wazishike wazee mpaka watoto wakue. Aliueleza uamuzi huo akitazama chini, kwa heshima, nami nilimwambia sawa. Miezi ile niliwaambia watu wote sawa. Nilijua vizuri nini kitatokea. Ningelala kwenye kijumba nyuma ya jiko la mtu mwingine, bila mshahara, nikiomba pesa ya sabuni, na wanangu wangekuwa watoto wa kulishwa. Nililijua hilo kama unavyojua kwamba Kitale iko kusini.

Shemeji alimwendea Dalali, akasoma karatasi, akaieleza vizuri kila kifungu, maana alikuwa karani. Kutia sahihi kukaachwa mpaka na mimi niwepo, na Dalali akapata mnunuzi upesi, ofisa mmoja wa mifugo mwenye familia kubwa. Ilikuwa nyumba bora kuliko zote alizowahi kushika, na ada yake ingekuwa kubwa kuliko zote. Alikuja kuufagia uwanja wangu alfajiri. Nilimsikia nikiwa nimelala, na sikuamka.

Tulikaa sebuleni sisi wanne: mimi, shemeji, ofisa wa mifugo na Dalali. Nilikuwa nimepika chai. Shemeji alitia sahihi yake, nzuri, yenye mkia mrefu, kisha akanisogezea karatasi na kalamu.

"Hapa tu, Shemeji. Chini ya yangu."

Nilishika kalamu. Ningetia sahihi, lazima niseme. Wangenipa karatasi ya kuuza mkono wangu siku ile ningeitia sahihi.

"Bado," Dalali alisema. "Mama Rosa, umesoma?"

"Nimesoma."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

Shemeji alitabasamu kwa aibu. "Mzee, ni mama aliyefiwa. Tusimchoshe. Mimi nimeshaeleza yote."

"Umeeleza kwa upande wako," Dalali alisema. "Anayepika ni yeye."

Basi nikaeleza. Sauti yangu ilitoka kavu, ileile niliyotumia kuripoti hali ya mgonjwa.

"Nimeelewa kwamba huyu bwana ameshakubali bei. Nikitia sahihi hapa, ada imeiva saa hii. Kesho nikisema sitaki kuuza, itanibidi nilipe ada na nyumba sijauza. Sina pesa ya kulipa, kwa hiyo sitaweza kusema sitaki. Nikishauza, nitatoka humu na wanangu. Nitakwenda kukaa mahali ambapo sikupachagua, na pesa ya nyumba sitaishika. Nikitaka kurudi, sitakuwa na pa kurudia. Hicho ndicho nilichoelewa."

Yule ofisa alikuwa akitazama kikombe chake. Nami nilikuwa nimesikia maneno yangu kama ya mwanamke mwingine, mtu niliyeletewa wodini ambaye bado anaweza kutibika, na nikamwonea huruma. Kwa ajili yake niliweka kalamu chini.

"Sitii," nilisema.

"Shemeji, unaniaibisha mbele ya watu."

"Nisamehe, Shemeji. Sitii."

"Nyumba ni ya marehemu! Wazee wameshakata shauri! Nitawaambia nini?"

"Waambie nimekataa."

Shemeji alimgeukia Dalali. "Mzee, sahihi yangu si unayo? Mimi ndiye msemaji wa ukoo."

"Karatasi inataka wawili," Dalali alisema. "Mmoja hatoshi. Haijawa mkataba."

Aliichukua karatasi na kaboni yake, akazikunja akazitia mfukoni. Uso wake haukuonyesha kitu. Yule ofisa alitoa pole zake, akaondoka. Shemeji alitoka nje kuvuta sigara. Mimi nilikaa nikitazama mikono yangu, na ndipo Dalali akalivuta birika na kuuliza kama chai bado ina moto. Akanywa vikombe viwili, na mkate akala. Sikuwa tena mtu wa kudaiwa ada.

Shemeji aliondoka na lori la asubuhi, pamoja na redio ya kaka yake, na kwa muda mrefu ukoo haukunitumia salamu. Nilibaki kazini. Chumba kimoja nilikipangisha kwa mwalimu. Rosa na mdogo wake walisoma, wakagombana, wakaugua surua, wakarefuka. Sitadanganya kwamba nilipata furaha. Nilipata mahali pa kukaa wakati furaha haipo, na sikujua kabla ya hapo kwamba jambo hilo lina thamani yake.

Kwa Dalali nilijawa na shukrani ambazo sikumtamkia. Niliamini kwamba alifanya makusudi. Niliamini kwamba aliona hali yangu siku ya matanga, akatafuta njia ya kunizindua bila kumvunjia shemeji heshima, na kile kifungu kikawa njia yake. Nilimpelekea maziwa kila Jumamosi. Nilipita kibarazani nikamwamkia kwa heshima ambayo sikuwa nampa awali, naye alipokea maziwa na heshima bila kuuliza vimetoka wapi. Watu walipomsema ni mlafi, nilinyamaza, nikijiona najua wasichokijua.

Biashara yake ilififia. Ukame ulikuja, wenye maduka wakapungua, na waliobaki hawakuwa na wa kumuuzia. Taipu iliharibika, akaanza kuandika mikataba kwa mkono, kisha macho yakamwia mazito. Siku moja nilipita kibarazani nikakuta sanduku la sabuni limekaliwa na mtu mwingine. Waliniambia amehamia Kakuma, ambako chumba ni rahisi. Nilisema sawa, nikaenda zangu sokoni.

Mwishoni mwa miaka hiyo nilihamishiwa hospitali ya misheni Kakuma kwa muda, na Rosa akabaki Lodwar kwenye nyumba yetu. Dalali nilimkuta wodini. Miguu ilikuwa imevimba na kifua kikikoroma, na koti lilikuwa limetandikwa juu ya blanketi. Alinitambua kwa sauti.

"Ile nyumba ipo?" aliuliza, kabla ya salamu.

"Ipo, Mzee. Rosa yumo."

"Bati halijatoboka?"

"Bado."

Alitikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Nilimsafisha, nikambadilishia shuka, nikampa dawa. Siku zilizofuata nilikaa naye kidogo kila nikimaliza zamu. Alasiri moja alisema, bila kunitazama:

"Siku ile mimi nilikuwa nimeshaaga watu."

"Siku gani?"

"Siku uliyokataa. Nilikuwa nimenunua sanduku la nguo. Mwenye duka nilimwambia chumba chake nakirudisha. Ile ada nilikuwa narudi nayo kwetu. Mtu hawezi kurudi kwao mikono mitupu baada ya muda wote ule, Mama Rosa. Wangenicheka."

Sikuwahi kufikiri kwamba ana kwao.

"Haikuja nyingine kama ile?" niliuliza.

"Haikuja."

Niliketi pembeni ya kitanda. Nilimwambia jambo lililokuwa moyoni mwangu miaka yote, kwamba ungekuwa mji mwingine na dalali mwingine, ningetia sahihi bila kufumbua mdomo.

"Ulijua hivyo," nilisema. "Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ungenyamaza tu, ungekwenda kwenu. Kwa nini uliniuliza?"

Alifikiri kwa muda, kwa uaminifu, kama alivyofikiri kwenye mchanga wa Kalokol.

"Nilidhani utakubali," alisema.

Hapakuwa na kingine nyuma ya maneno hayo. Nilimtazama nikitafuta, sikuona. Hakuniokoa. Aliniuliza kwa sababu aliuliza kila mtu, na kila mtu alikuwa akieleza kisha akitia sahihi. Nilikuwa nimebeba shukrani zangu miaka yote hiyo, na sasa sikuwa na pa kuzitua. Wala sikumkasirikia. Nilisikia tu uzito wa yule mzee kitandani, aliyekosa kwao kwa sababu mimi nilibaki kwangu, na kati yetu hakukuwa na mwenye kosa.

Nilikwenda kwa dereva wa lori la misheni lililokuwa linashuka Kitale. Nililipia kiti cha mbele, kile cha dirishani, na nikampa pesa ya chakula na ya basi la kuendelea mbele. Rafiki yangu wa maabara alitoa shati jipya. Niliporudi kumwambia, Dalali alisikiliza, akashukuru vizuri, akauliza lori linaondoka saa ngapi.

Asubuhi nilimwogesha na kumvisha. Lile shati lilimpwaya. Nilimfunga vifungo, nikamvalisha koti, nikamkalisha ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni. Nje dereva alipiga honi. Dalali hakuinuka. Dereva akapiga honi tena.

"Mzee, twende," nilisema. "Nishike bega."

"Mama Rosa," alisema, na ile sauti ya kusoma hukumu haikuwepo. "Waliokuwa wananingoja wamekufa. Nitamwambia nani kwamba nimerudi?"

Nilisimama mbele yake na mkono wangu umenyooshwa, na hapo ndipo nililia, miaka mingapi sijui baada ya wakati wake, mbele ya wagonjwa, kwa sauti, mpaka muuguzi wa zamu akaja kuona nani amefariki. Dalali alikaa palepale na viatu vyake, akaniacha nilie. Nilipotoka kumwambia dereva aende, kiti cha dirishani kilikuwa kimepanguswa vumbi. Kilikwenda kitupu hadi Kitale.